Trela Tupu

Tangazo lilisema: Volvo ya mwaka wa tisini,
starta inazunguka, injini haiwaki.
Bei ya chuma chakavu. Aje mwenye trela.

Nikaja, mwenye trela,
kilomita themanini na tano za theluji kutoka Sorsele,
baridi ikining'ata hata ndani ya glovu,
na hesabu yangu nimekwisha kuipiga njiani:
milango kwa Folke, viti kwa yule kijana wa Storuman,
injini nitaishusha mwenyewe kiangazi.

Bibi Alfhild alikuwa amelifuta gari.
Nani hulifuta gari linalokwenda kuchinjwa?
Hata kioo cha nyuma alikikwangua barafu.

"Washa," nikamwambia, naye akawasha:
ng'we-ng'we-ng'we-ng'we,
betri ina nguvu, starta ina ari,
mbio zote hizo za kukimbia palepale,
kama mtu anayehema sana
ili asiulizwe kwa nini hafiki.

Basi nikaanza, kwa mazoea tu, si kwa wema.
Nilichomoa plagi moja, nikaigusisha kwenye chuma,
nikamwomba azungushe tena:
cheche, buluu, kali, yenye afya.
Nikainusa plagi. Kavu. Haina hata harufu ya petroli.
Moto upo, chakula hakuna.
Geji ilisema nusu tangi; geji za umri huu husema lolote.
Nikaligonga tangi kwa buti,
likajibu kwa sauti nzito ya kitu kilichoshiba.

"Mpwa wangu Sture alisema ni kompyuta," akasema bibi.
"Jirani Evald alisema ni baridi.
Gereji walisema ni umri.
Nikawauliza, wa nani?"

Nikajipinda chini ya dashibodi, kichwa chini,
buti juu ya kiti chake safi,
nikaichomoa rilei, kijisanduku cheupe cha ukubwa wa kiberiti,
nikakibandua kifuniko. Tochi mdomoni.
Na pale, kuizunguka nukta moja ya lehemu,
ufa. Mwembamba kuliko unywele wa kitoto kichanga.

Nilijua. Dakika tano za kulehemu
na gari hili lingenifikisha Kiruna na kunirudisha.
Nilijua pia kwamba yeye hajui:
chuma chakavu kingepanda trela hapa
na kushuka Sorsele kikiwa gari.
Wahenga walitwambia tuzibe ufa.
Hawakutwambia itakuwaje
ufa ukiwa wa mwenzio na ukuta utajengwa kwako.

"Limekufa?" akauliza,
akininyooshea kikombe cha kahawa huko nilikokuwa,
kichwa chini, siwezi kunywa wala kumtazama.

Kimya kile kilikuwa na bei, nami niliijua hadi krona ya mwisho.

Sitasema nilikuwa mwema. Mkono ulitangulia:
nikaigonga rilei kwa mpini wa bisibisi, ko, ko,
nikairudisha mahali pake, nikauzungusha ufunguo nusu,
na kutoka chini ya kiti cha nyuma ikaja:
mmmmm.
Sekunde moja. Labda mbili.

Kahawa ikamwagika. "Huo!" akasema Alfhild.
"Huo mlio! Niliwaambia wote kuna kitu
kilichokuwa kikisema kabla ya gari kusema,
na sasa hakisemi.
Sture akasema ni masikio yangu."

Nililehemu mezani pake, kati ya mkate na dawa zake za presha.
Hakutaka tena kuuza. Hakuomba radhi pia.
Alinipa krona mia mbili na chupa ya jamu ya beri za kinamasi,
kisha akaliwasha, akaenda zake kununua maziwa,
akiniacha uani nakusanya spana.

Nilirudi trela ikidundadunda nyuma, nyepesi,
ikipiga kelele kwenye kila tuta la barafu,
na kuna mahali, karibu na daraja,
nilijitukana kwa sauti.
Jamu, lakini, ilikuwa tamu.