Mzeeshaji

Kazi yangu ni kuzeesha.
Kinyago kinanifikia Jumatatu kikinuka mti mbichi,
Ijumaa ya pili kina miaka mia na ishirini.
Masizi ya sufuria, chai ya rangi iliyolala,
kiwi nyeusi kidogo kwenye makunyanzi ya paji,
kisha nakizika nyuma ya choo, Kiboriloni,
mchwa nao wapate posho yao.
Nikikifukua, hata mimi nakiamkia shikamoo.

Dukani, mtaa wa pili kutoka stendi ya Moshi,
tajiri wangu Mangowi anaandika vikaratasi:
Cha jando. Cha mganga. Cha mfalme.
Mfalme yupi, hatuulizani.
Mgeni akitaka kujua kama ni cha kweli
naangalia pembeni, kama mtu anayemsikiliza marehemu.
Hilo nalo nalipwa.

Mwezi wa sita, baridi ya asubuhi, akaja kijana,
Aikaeli, wa Uru, fimbo kaiviringisha ndani ya jezi ya Simba.
"Ya babu," akasema. "Ilikuwa darini, juu ya ndizi za kuivisha."
Akaifungua, ikang'aa kama mguu wa meza ya harusi.
Alikuwa ameipiga msasa, ule mkali wa mafundi milango,
kisha vanishi mara mbili,
isionekane kuukuu, nisije nikampunja.

Nilicheka. Kicheko kikakwama kama mwiba wa perege,
kwani chini ya vanishi kidole gumba kilikuta pengo,
na pengo, na mkwaruzo mrefu, na pengo.

Mregho.
Fimbo waliyosomewa vijana huko migombani,
alama kwa alama: mtu anavyotungwa tumboni,
anavyotoka, anavyolindwa,
na mengine yaliyosemwa kwa kunong'ona hadi moto ukafa.

Mimi nilisomewa alama moja tu.
Baba mdogo Ndesario, kiko mdomoni,
aliushika mkono wangu akasema: hiki ni kichwa, kesho shingo.
Kesho yake akapata kazi kiwanda cha sukari,
na shingo hadi leo sijaijua.

Nilimpa Aikaeli elfu arobaini. Alitaka hamsini, kioo cha simu kilikuwa kimepasuka.
Akahesabu mara mbili, akaondoka, jezi akaisahau.

Ningeweza kuirudishia uzee wake.
Masizi ninayo, chai ninayo, mchwa wananidai.
Lakini ningekuwa naifundisha ya kweli
kujifanya ya kweli,
na mti uliokwisha kushikwa na viganja vya wafu
utafundishwa nini na kiwi ya viatu?

Nikaiweka rafu ya juu, na vanishi yake, na aibu yake.
Wageni wanaipita. Wanataka vumbi.
Mmoja tu, mama mwenye kofia ya ukili,
aliishusha, akaipapasa polepole,
polepole kuliko wengine wote,
akauliza kama ni ya zamani.
Mangowi alikwisha kufungua mdomo.
"Feki," nikasema. "Ya juzi juzi. Nimeichonga mwenyewe."

Neno hilo lilinigharimu nusu mshahara.
Ndiyo bei ya juu kuliko zote zilizowahi kutajwa dukani humu,
na hakuna aliyeniandikia risiti.

Jioni nikifunga milango naishusha.
Nimekata jani la sale kwenye uzio wa jirani,
nimelifunga pale ninapodhani ndipo shingo,
maana sale ndilo tunalopeleka tukiomba radhi,
ingawa aliyekosa sijui ni kijana, ama msasa, ama mimi.
Kidole kinaanza juu.
Kichwa.
Kinashuka, kinasimama, kinarudi.
Kichwa.

Babu wa Uru, kama bado upo, tuma mtu.
Au njoo mwenyewe na mkongojo wa kuazima.
Jezi ya mjukuu pia iko hapa, nimeifua.
Kesho nafungua saa mbili.