Nyuzi Ishirini

Kunjumon wa studio ya Ruwi alinirudishia kikasha:
ya rangi, leo leo; nyeusi na nyeupe, hapana,
hiyo twapeleka Dubai, wiki tatu, labda nne,
na wakiipoteza, mimi sijui.
Nikakitia mkobani. Nikanunua dawa kwake,
chupa mbili zenye vumbi, kwa bei ya huruma.

Sisi husema picha hupigwa, kisha husafishwa,
kana kwamba kosa lilikuwa lake.
Waarabu wa ghorofa ya chini husema hutiwa uchachu.
Nao wana haki: siki ya achari ipo, nusu chupa,
ya kuikata dawa isiendelee kula.

Shida ni maji.
Agosti, Wadi Kabir, tangi liko juu ya paa
na jua limelikalia tangu alfajiri kama mdai.
Fungua bomba la baridi, tia majani, kunywa chai.
Bomba la moto ndilo la baridi,
maana mtambo tuliuzima Mei,
na hata hilo, kipimajoto kimesoma thelathini na nne.
Dawa inataka ishirini.
Nilinunua mifuko miwili ya barafu kwa Shofiqul.
Akauliza, kuna harusi?
Ipo, nikamwambia. Bafuni.

Nikazima taa. Abaya kuukuu nimeisokota chini ya mlango,
tundu la ufunguo nimeliziba kwa ubani uliotafunwa.
Gizani vidole ndivyo vyenye macho:
utepe unagoma, unajikunja, unaingia reli yake,
tik, tik, kama mtu anayeivuta tasbihi kwa haraka.
Funika. Washa taa. Mimina.
Dakika kumi na moja.
Geuza kikopo, gonga, tuliza.

Dakika ya nne, mlango.
“We Thuwaiba, umehamia humo?”
Mama anataka udhu. Bafu la pili limeharibika tangu Idi.
“Bado saba, mama.”
“Saba nini? Magharibi haimngoji mtu.”
Geuza, gonga, tuliza.
“Na hiyo siki? Unatia achari chooni?”
Sikumwambia kwamba ni yeye niliye naye humu,
amejizungusha mle kikoponi mara kadhaa,
alipigwa Jumanne akichambua dengu dirishani,
bila idhini, kwa kuwa idhini hatoi.
“Nina uso wa kupigwa mimi?”
Husema hivyo tangu nywele zilipomgeuka.

Siki. Kisha dawa ya kukazia. Kisha maji, maji, maji.
Nikamfungulia.
Hakutazama kitu. Aliivuta ndoo safi iliyosalia,
akaosha uso mara tatu,
na ya nne, ambayo haimo.
“Haya maji yametoka wapi?”
Dukani, nikasema.

Baada ya swala alirudi na miwani.
Utepe umening'inia kambani, kibanio chini,
kati ya kanga yake na fulana zangu.
Akaushika pembeni, nilivyomwonyesha, akauelekeza taani.
Dirisha jeusi. Dengu nyeusi.
Kanzu za wapita njia kule chini zimekuwa makaa,
na mwanamke mwenye uso wa chokaa
ameinamia sinia.
“Huyu nani?”
Sikujibu.
Akasogeza miwani. Akaiona pete. Akauona mkono.
Akapandisha jicho taratibu hadi kwenye nywele,
nyeusi ti, zote, mpaka ncha ya msuko,
nywele za yule aliyeteremka Matrah na sanduku moja
na mimi tumboni.

Kesho, nikasema, nitaichapa kwenye karatasi,
kila kitu kitarudi mahali pake.

“Una haraka gani?” akasema mama,
na ule utepe hakuuachia.