Fomu ya Fidia

Mimi ndiye niliyeshika kalamu siku ile.
Mthamini alipima kwa macho, mimi nikaandika:
Nyumba: moja, tembe, ukuta wa udongo, paa la udongo.
Choo: kimoja.
Miti: mikwaju miwili,
mizabibu kumi na tisa, mitatu imekauka.
Makaburi: manne.

"Matano," alisema bibi Mendaa,
bila kuinua uso kwenye ungo wa uwele.
Mthamini akahesabu upya malundo ya mawe.
Manne.
"La tano ni la kitovu. Kitovu cha huyo anayeandika."
Mthamini akacheka. Nami nikacheka,
maana nilikuwa kazini
na fulana ya halmashauri ilinibana kwapani.

Huyo ni mama wa mama yangu. Sikumwambia mthamini.
Nilimwamkia kwa Kiswahili, shikamoo,
naye akanijibu "Mbukwa",
mara mbili, polepole,
kama anayemwelekeza mgeni njia ya kisimani.

Ukurasa wa pili unauliza
vinavyohamishika na visivyohamishika.
Nikauliza: na ngoma hizi?
Zilikuwa sita, zimeegemea ukuta,
viuno vyembamba kama vya nyigu,
ngozi zimelegea kwa kukaa kivulini.
"Muheme unahamishika," akasema.
"Uwanja wake hauhamishiki."
Akaonyesha kwa kidevu mahali peupe mbele ya zizi,
udongo uliokanyagwa na kina mama
tangu reli haijapita,
mgumu hata mvua ya Desemba
ikifika pale huuliza njia.

Nilitafuta safu ya udongo uliokanyagwa.
Haipo.
Nikaandika: ardhi tupu.

Maneno mawili, wino wa bluu, saini yangu chini.

Sasa pale pana lami na taa za jua,
na kibao: Kitalu C, Viwanja vya Makazi.
Pesa zilikuja, zikachelewa, zikaisha.
Watu husema mji mkuu lazima ulale mahali.
Sawa. Ulale.
Lakini usiseme ulikuta kitanda hakina mtu.

Bibi anaishi kwangu, chumba cha nyuma.
Anaanika mlenda juu ya bati
na kuligombeza bati kwa kuunguza majani.
Jumamosi saa kumi huja Sechelela na dada yake,
huja mama Chidawali na goti lake bovu.
Kuni hatuna; tunawasha maboksi ya vigae,
ngozi zinakaza, zinanukia mbuzi wa zamani.
Mara ya kwanza waliponibana ngoma mapajani
nilipiga mpaka viganja vikavimba.
"Unapiga kama unagonga muhuri," bibi alisema.
"Mkono wa kulia ni mpita njia.
Wa kushoto ndio mwenyeji. Msubiri mwenyeji."

Jirani, afisa wa wizara, mtu wa Bukoba,
aligonga geti. Nikatayarisha samahani.
"Mna msiba au mnaoza?"
"Tunajifunza," nikasema.
Akatafuta pa kukaa, akapata ndoo ya rangi,
akaikalia mpaka giza.

Kazini bado najaza fomu zilezile,
Jumatatu Mtumba, Alhamisi kwingine.
Mwishoni pana mistari miwili: Maelezo Mengineyo.
Wenzangu huichora mkato.
Mimi naandika, kwa herufi ndogo zienee:
Hapa palipigwa muheme. Uwanja: mmoja.
Vitovu: kwa mujibu wa mama mwenye nyumba, saba.
Mhasibu alinirudishia moja, ameweka alama ya kuuliza.
Nikaigonga muhuri, nikamrudishia.

Jana jioni nilipiga mpigo mzima
bila mtu kunikatiza.
Sechelela alitikisa mabega. Goti la mama Chidawali likasahau.
Nikamtazama bibi.
Alikuwa ameelekeza sikio upande wa Kitalu C,
kama vile kuna kitu kilipaswa kuitikia.

"Umechelewa," akasema.
Akasogeza ngoma karibu na moto.
"Rudia."