Ardhi Ikiacha Kung'ata

Goti la Khimi limegoma tangu mavuno ya tofaa.
Mwaka huu mlima napanda mimi,
mimi niliyekuwa mbeba kikapu tu,
mfuata visigino vyake kwa majira thelathini na moja
bila kuuliza kwa nini leo, kwa nini si jana.

Siku ya kwanza nilirudi mikono mitupu.
Yeye kitandani, kando ya jiko, akanihoji:
"Theluji imeachia mguu wa jabali?"
Imeachia.
"Imeachia, au imejikunja tu?
Ipo inayoondoka, na ipo inayojifanya kuondoka."
Sikujua.
"Kiganja ulikitia udongoni?"
Nikasema udongo niliutazama.
Alicheka mpaka akashika goti.
"Macho ni ya kuokotea, Lotam."

Guchi haipandwi.
Haina shamba, haina mbegu ya kukopa,
haina tarehe kwenye kalenda ya benki pale ukutani.
Watu wa bonde la Tirthan husema radi ndiyo huiita,
kwamba ngurumo moja ya usiku
na asubuhi vichwa vimetoka,
vishimo vishimo, kama sega lililokwisha kunyonywa asali.
Khimi haikatai radi. Husema tu:
"Radi hubisha hodi. Anayefungua ni joto."

Siku ya tatu nilirudi na majibu.
Mishmishi imemwaga maua? Imemwaga.
Majani ya mjozi? Sikio la panya.
"Panya mchanga au panya mzee?"
Nani hupima panya, mke wangu?
"Mwenye hamu ya guchi."
Nikamweleza: chini ya mwerezi ulioanguka
nilizika mkono, nikahesabu hadi mia.
Ardhi iling'ata mpaka themanini,
kisha ikaniachia.
Hakujibu. Alivuta kiatu changu
akanusa matope ya soli,
yeye ambaye hata mwaka ule tulipooana
hakuninusa kwa makini namna ile.
"Kesho," akasema. "Kabla wana wa Chune hawajaamka.
Upande wa jua. Ule wa kivuli uache,
una usingizi mzito."

Usiku ikanguruma. Mara moja tu, mbali,
kama gunia la viazi lililodondoshwa ghalani.
Sikulala. Nadhani naye hakulala.
Hakuna aliyesema.

Alfajiri, upande wa jua,
nilikuta vikonyo vimekatwa kwa kisu, vyeupe,
bado vikitoa jasho.
Chune. Au mke wa Chune.
Au yeyote mwenye mtu wa kumnusia viatu.
Nikakaa chini. Nikautukana mlima, kwa adabu,
maana bado nilikuwa juu yake.
Na kwa kuwa nilikuwa nimekaa,
jicho likiwa usawa wa majani makavu,
nikaiona moja, rangi ya jani lililokufa,
iliyosimama pale muda wote nikitukana.
Kisha ya pili. Kisha tano kwa mpigo,
nikashangaa zilikuwa wapi,
na zilikuwa hapo hapo.
Ya kumi na moja nilikuwa nimeiegemea.

Sasa zinaning'inia kwenye uzi juu ya jiko,
zimesinyaa, zimeshika moshi.
Mnunuzi wa Banjar atakuja na mizani yake ya sonara;
kumi na moja kavu hazitausumbua mshale.
Khimi amezihesabu mara mbili.
Hakuuliza bei. Ameuliza niliacha ngapi.
Tatu, changa.
"Haya." Akasugua goti, akatazama dirishani,
upande ambao mlima hauonekani.
"Kivuli labda Jumanne.
Ila usinisikilize mimi niliyelala hapa.
Nenda kauguse."