Ukurasa wa Kumi na Tisa

Kurasa kazileta Tibo, kazifunga kwa nailoni,
kavua viatu mlangoni, maji yakimchuruzika.
"Za mwisho," akasema. Hakuongeza neno.
Hapa Santa Cruz mfereji umefurika tena,
na umeme, kama kawaida yake Manila mwezi wa Agosti,
umekwenda zake.

Nawasha mishumaa mitatu. Natikisa chupa ya wino.
Unyevu huu ni adui: mstari wa saa mbili
saa nne bado mbichi, ukiupitia na kiwiko
umebomoa paa la kanisa na ujira wa siku.
Kwa hiyo naanza juu kushoto, nashuka kwenda kulia,
kama anayedeki chumba akirudi nyuma kuelekea mlangoni.

Nibu ni ya nyuso, vidole, nyuzi za gitaa.
Inataka pumzi: vuta, ishike, teremka, achia.
Ikikwama kwenye unyuzi wa karatasi hutema,
na tone lililotemwa hugeuka nzi
shavuni mwa binti mfalme.
Brashi ni ya nywele, moshi, mikunjo ya joho la padri.
Wanasema mkono mtupu haulambwi;
mimi nalamba brashi, mwaka wa ishirini na tatu huu,
hadi ncha yake iwe unywele mmoja,
na ulimi wangu ni mweusi kama wa kasuku.

Anselmo Bacani alikuwa mchoraji. Jina lake jaladani.
Mimi mtia wino. Jina langu halipo popote
ila pembezoni, kwa penseli yake, pale mashine inapokata:
"Delfina, hapa usiku. Usiionee huruma karatasi."
"Delfina, farasi huyu nisaidie."
Farasi wake wote walikuwa na magoti ya mbuzi.
Niliwanyoosha mmoja mmoja, kimyakimya,
wasomaji wakamwandikia: bwana, farasi wako wanapumua!
Akanisomea barua hizo kwa simu ya duka la dawa,
akicheka hadi akakohoa.
Kikohozi kile.
Tulikichukulia kuwa sehemu ya kicheko.

Kumi na nane zimekwisha, zimeanikwa kambani kama soksi.
Kwenye ya kumi na tisa penseli inaanza kutetemeka.
Mstari wa bega unapotea, unarudi,
mkono unaopapasa swichi gizani.
Fremu ya mwisho: mwanamke mlangoni, amegeuka kutuangalia.
Viatu anavyo, mwavuli anao,
lakini uso ni duara tu na msalaba hafifu,
hapa macho, hapa pua.
Pembezoni: "Delfina, huyu unamjua."

Namjua nani mimi?
Mkewe aliyehamia Iloilo? Dada yake mtawa?
Tibo anasinzia kitini. Mhariri anasubiri alfajiri.
Kufa kufaana: safari hii nitalipwa yangu na nusu ya marehemu.
Nimeichukia hesabu hiyo,
na nimeihesabu mara mbili.

Kuna jambo wasomaji hawalijui:
wino ukishakauka, unachukua raba, unafuta penseli yote.
Miaka yote hii nimekuwa nikimfuta Anselmo,
kila alfajiri, kwa mkono huu huu,
nikipuliza unga wake sakafuni,
na kinachobaki ni njia yake, ila nyayo ni zangu.

Nachovya. Uso naufanya kwa brashi, bila kioo.
Kidevu kipana. Kovu la nyusi,
la siku nilipoanguka ngazi za ofisi na kurasa kifuani
(akaziokota kurasa kwanza, mshenzi yule, kisha mimi).
Mdomo naufunga, ulimi usionekane.
Usiku nyuma yake naumwaga mweusi tititi.
Sikuionea huruma karatasi.

Kumepambazuka. Nafuta bega, nafuta mwavuli,
nafuta msalaba ulio chini ya macho yangu.
Pembezoni raba haifiki.
Mashine itapakata, najua,
basi nachukua wembe, nakata mimi kwanza:
kipande chembamba kama tambi, maneno matatu.

Tibo anashtuka. "Tayari?"
"Bado mbichi," nasema. "Shika kwa pembe."