Hodi Tatu

Kwetu mtu hupiga hodi tatu.
Asipoitikiwa hushika njia akaenda zake,
wala hakuna wa kumlaumu.
Mashine nazo, kumbe, zimelelewa vivyo hivyo:
mwanangu anabisha akiwa Leeds,
kompyuta yake inaita, inangoja, inaita, inangoja,
kisha inamwandikia: muda umekwisha.
"Baba, imekataa tena."
Simu nimeiegemeza kwenye kopo la majani ya chai,
nusu uso wake, nusu dari yao.

Nakaa Hull, juu ya duka la kinyozi.
Mji wa bandari, nami natafuta bandari moja tu,
maana ndivyo simu ilivyonitafsiria lile neno:
bandari namba elfu ishirini na tano, mia tano sitini na tano.
Nilicheka peke yangu jikoni.

Seva yenyewe ni laptopu kuukuu, kioo kimepasuka,
waliitupa ofisini kazini.
Nimeiweka dirishani; Novemba ni feni ya bure.
Ndani yake nimejenga dunia: kilima, mto, kondoo wachache,
nyumba ya mawe yenye kitanda chekundu, cha Mahadhi.
Hakimu alinipa Jumamosi moja katika kila mbili.
Hakusema lolote kuhusu Jumanne usiku.

Jumanne ya kwanza niliingia kwenye ruta
kwa nywila iliyobandikwa tumboni mwake,
nikaandika amri: ajaye kwa mlango huu, mpeleke kule.
Hodi tatu. Kimya.

Ya pili nikagundua kuwa laptopu, ilipozimwa na kuwashwa,
ilipewa namba nyingine, kama mpangaji aliyehamishwa chumba,
na ile ya zamani, arobaini, ikarithiwa na printa.
Wiki nzima nilikuwa namwelekeza mwanangu
kwa printa isiyo na wino.
Nikaifunga namba, isihame tena.
Hodi tatu.

Ya tatu ilikuwa ngome ya laptopu yenyewe,
mlinzi mwaminifu ambaye hakuna aliyemwambia
kwamba leo tuna mgeni. Nikamwambia.
Kimya.
"Basi tu, Baba," Mahadhi akasema,
kwa sauti ya mama yake ya siku zile za mwisho,
ile ya upole.

Sikulala. Nililinganisha namba mbili:
ile ruta inayojiita, na ile ulimwengu unayotuita.
Hazikufanana. Moja ilianza kwa mia.
Ndipo nikaelewa: mbele ya mlango wangu kuna geti,
geti la kampuni, na nyuma yake tumepangwa
nyumba mamia, anwani moja,
nami wiki tatu nimekuwa nikifungua mlango
unaotazama ukuta.

Asubuhi nikawapigia. Muziki, dakika arobaini.
Kisha mama mmoja, Maureen,
akauliza nataka anwani ya peke yangu ya nini.
Nilikuwa nimeandaa jibu la kifundi, nimeliandika hata.
Nikasema: mwanangu anabisha.
Akanyamaza kidogo.
"Pauni tano kwa mwezi, mpenzi," akasema
(huku kila mtu ni mpenzi),
"izime ruta, hesabu thelathini, iwashe."

Nilihesabu mpaka sitini.

Jumanne ya nne, saa moja na dakika kumi,
taa ya kijani ikaanza kupepesa,
na juu ya ufa wa kioo ukapita mstari mmoja mweupe:
Mahadhi ameingia.
Neno karibu lilinikwama.
Alisimama mvuani, mvua ya kule ndani,
akaizunguka nyumba, akaizunguka tena.
"Baba," akasema, "madirisha sita, bomba la moshi,
mbona hukuweka mlango?"

Kweli. Sikuweka.

"Nipe mbao sita," akasema.