Piko

Kidole changu cheusi. Si wino:
ni piko la harusi ya Mwana Esha, jana, Mkomani.

Vijana wa kijani wakapita Langoni,
wakakiona, wakasema: shukrani mama, hukutuangusha.
Wa manjano nao, punda wao kavikwa bendera:
shukrani mama, tulijua.

Nikaendelea kukanda unga.

Leso zao zote mbili nilizifua beseni moja;
zilichuja, maji yakatoka rangi ya tope.
Wagombea wenyewe mtu na binamuye,
kahawa yao dele moja.

Bomba la mtaani bado lakohoa.

Usiku Somoe akauliza: mama, kura ulimpa nani?
Nikamwonyesha kidole.
Baada ya siku kumi kitatakata,
kama miaka yote niliyopiga foleni.